Reli ni Uzi wa Shanga: Tunachoweza Kujifunza Kutoka kwa Njia za Baiskeli Zilizojengwa Juu ya Reli za Zamani

Ofisa wa mawasiliano wa kaunti alizungumza na wakazi waliokusanyika Mwatate kuadhimisha Siku ya Baiskeli Duniani, Juni 3. Wengi waliohudhuria waliomba nakala ya hotuba. Tunaichapisha hapa kama ilivyotolewa.

Waheshimiwa wawakilishi wa wadi, machifu na manaibu wenu, wazee wa vijiji, walimu na wanafunzi, akina mama wa vikundi, na ninyi vijana wetu wa boda boda mlioegesha pikipiki zenu nje kwa mpangilio mzuri kuliko sisi wenye magari: hamjambo?

Nimepewa dakika ishirini, na mwenzangu wa itifaki amekaa pale mbele akitazama saa. Nitajaribu kumheshimu.

Leo ni Siku ya Baiskeli Duniani. Umoja wa Mataifa uliitenga siku hii mwaka 2018. Asubuhi tumeona mashindano, tumeona wazee wakiendesha black mamba zenye umri mkubwa kuliko mwakilishi wetu wa wadi, na tumecheka pamoja. Mimi nimeombwa nizungumzie njia za baiskeli zilizotengenezwa juu ya reli za zamani: zilivyopatikana katika nchi nyingine, na kama zina la kutufunza sisi tunaoishi kando ya reli ya kutoka Voi kwenda Taveta.

Nianze na jambo ambalo sikuja kusema. Sikuja kutangaza mradi. Hakuna tingatinga lililofichwa nyuma ya ukumbi huu. Na kabla mtu hajauliza ni nani aliyenilipia nauli ya kwenda kuziona njia hizo huko ng'ambo: sijaenda. Nimesoma, nimetazama ramani, nimeuliza wanaojua. Bando ilikuwa yangu.

Asubuhi ya mtaroni

Nilikuwa kidato cha pili. Kijiji chetu kiko kati ya Voi na Mwatate, na kufika shule kwa miguu kulichukua zaidi ya saa nzima. Babu alikuwa na baiskeli yake, black mamba yenye keria ya chuma. Akatupa mimi na binamu yangu tupokezane: mmoja aendeshe, mwingine akae nyuma na mabegi.

Asubuhi moja lori lililokuwa likipita lori lingine lilikuja upande wetu. Halikutugusa. Upepo wake tu ulitosha. Tulijikuta mtaroni, binamu yangu mkono umevunjika, na begi la vitabu liko katikati ya barabara likikanyagwa na magari. Lori halikusimama. Mpaka leo sijui kama dereva alituona.

Babu hakutugombeza. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika genge la reli, wale watu wa kukaza skrubu, kubadilisha mataruma na kurudishia kokoto chini ya vyuma. Kesho yake alinichukua, tukapita nyuma ya mashamba mpaka kwenye tuta la reli. Akaniambia: "Siku hizi treni ni adimu. Piteni kwenye hiki kijia cha kando. Mkisikia mlio, shukeni mkae mbali."

Ilikuwa kinyume cha sheria, na nalisema hilo mbele ya chifu. Lakini mpaka nilipomaliza kidato cha nne tulipita kando ya lile tuta, na hatukuingia mtaroni tena.

Babu alikuwa na neno lake kuhusu reli. Alisema reli ni uzi wa shanga: ukiukata mahali pamoja, hata padogo, shanga zote zinamwagika. Yeye alizungumzia treni. Mimi leo nazungumzia baiskeli, na naona neno lake ni lile lile.

Kwa nini njia ya reli inaifaa baiskeli

Gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza. Halishiki kama tairi la mpira juu ya lami. Kwa sababu hiyo treni haiwezi kupanda mlima mkali, na waliojenga reli walilazimika kuutafuta mwinuko mdogo kila mahali. Penye kilima walichimba, penye bonde walijaza udongo au kujenga daraja, na penye mlima mkubwa walizunguka au kutoboa handaki.

Treni inapoacha kupita na vyuma vikaondolewa, kazi hiyo yote hubaki. Tuta lipo, daraja lipo, kalvati zipo. Sehemu iliyokuwa ghali zaidi imeshalipiwa na watu wa zamani. Ukimwaga kokoto laini, ukazishindilia vizuri kwa upana wa mita 2 na nusu au 3, ukaweka vibao na vizuizi vya kuzuia magari, unapata njia ambayo mtoto wa miaka minane na nyanya wa miaka sabini wanaweza kuendesha bila kuhema.

New Zealand wana njia moja ya aina hii katika jimbo la Otago. Reli yake ilifungwa mwaka 1990, na njia nzima ya baiskeli ikafunguliwa mwaka 2000, kutoka Middlemarch hadi Clyde, kilomita 152. Katika urefu huo wote mwinuko hauzidi mita 1 kwa kila mita 50. Wako wakulima waliokuwa na wasiwasi nayo hapo mwanzo. Leo katika vijiji vya njiani utakuta nyumba za wageni, mikahawa na maduka ambayo yanaishi kwa wageni wa baiskeli.

Uhispania wao wameifanya kuwa mpango wa nchi nzima tangu mwaka 1993. Wanaziita njia hizo Vías Verdes, yaani njia za kijani, na sasa zimepita kilomita 3,000. Moja yao, Vía Verde de la Sierra kule Andalusia, ina kilomita 36 na mahandaki 30. La ajabu ni kwamba reli yenyewe haikupitiwa na treni hata siku moja. Ujenzi ulianza miaka ya 1920, ukaachwa, na kazi ya watu wale ikalala miaka mingi mpaka baiskeli ilipokuja kuifufua.

Lakini mfano niliotaka kukaa nao leo hauko New Zealand wala Uhispania. Uko Ireland, katika kaunti kama yetu. Ndiyo, nao wana kaunti.

Reli iliyowabeba vijana kwenda na maiti kurudi

Magharibi kabisa mwa Ireland kuna Kaunti ya Mayo, na kando ya Mayo kuna kisiwa kinaitwa Achill. Ni mahali pazuri sana kwa macho: bahari, milima, ghuba yenye visiwa vidogo vingi. Kwa tumbo palikuwa pagumu. Ardhi ilikuwa duni, mashamba madogo, na kila mwaka vijana walivuka bahari kwenda Scotland kuwavunia wengine viazi.

Mwishoni mwa karne ya 19 serikali iliamua kuwajengea reli kutoka mji wa Westport, kupitia Newport na Mulranny, mpaka Achill Sound, mahali pa kuvukia kwenda kisiwani. Wazee wa huko walikuwa na utabiri wa kale kwamba magari ya magurudumu ya chuma yatafika Achill, na kwamba safari ya kwanza na ya mwisho yatabeba maiti.

Juni 1894, kabla reli haijafunguliwa rasmi mpaka mwisho, mashua iliyokuwa imewabeba vibarua wa Achill waliokuwa njiani kwenda Scotland ilipinduka karibu na Westport. Watu 32 walikufa maji. Treni ndiyo iliyowarudisha nyumbani.

Septemba 1937, vijana 10 wa Achill waliokuwa wakivuna viazi Scotland waliteketea kwa moto usiku katika kibanda walimolazwa, mjini Kirkintilloch. Mdogo wao alikuwa na miaka 13. Treni ikawarudisha. Muda mfupi baadaye reli ile ikafungwa kabisa.

Nilipoyasoma hayo nilifunga kompyuta nikatoka nje. Kwa sababu mahali petu pia tunajua maana ya gari linalowachukua vijana kwenda kutafuta kazi mbali, wengine Mombasa, wengine Nairobi, wengine nchi za Ghuba, na tunajua maana ya kusubiri jeneza uwanja wa ndege. Sitaendelea na hilo. Kila mmoja hapa ana jina analolikumbuka.

Vyuma vya reli ya Achill viling'olewa. Ardhi ikawa mali ya wakulima wa kando yake. Wengine walilisha kondoo juu ya tuta, wengine walipitisha ua katikati. Kwa zaidi ya miaka 70 reli ile ilikuwa kumbukumbu tu.

Kisha mwaka 2010 kipande cha kwanza cha njia ya baiskeli kikafunguliwa, kati ya Newport na Mulranny. Mwaka uliofuata njia nzima ikakamilika mpaka Achill, kilomita 42 hivi. Wanaiita Great Western Greenway. Unakodi baiskeli upande mmoja, unaendesha siku nzima, unakula njiani, na jioni gari dogo linakurudisha ulikotoka pamoja na baiskeli yako. Mwenye baiskeli za kukodisha anapata, dereva wa gari dogo anapata, mwenye mkahawa anapata, mwenye chumba cha kulaza wageni anapata. Njia ile ile iliyokuwa ikiwaondoa vijana sasa inaleta watu.

Sitawadanganya kwamba imemaliza shida za Achill. Vijana bado wanaondoka. Lakini wako waliobaki kwa sababu yake, na kwa kijiji kidogo, familia kumi zilizobaki ni tofauti kati ya shule kufunguliwa na shule kufungwa.

Jirani kwanza, kokoto baadaye

Sasa sikilizeni jinsi walivyoipata, kwa sababu hapa ndipo penye somo.

Baraza la kaunti halikumiliki ardhi ile. Njia ilipita katika mashamba ya watu zaidi ya 100. Mmoja akikataa katikati, njia imekatika. Wangeweza kwenda mahakamani kuichukua ardhi kwa nguvu, na pengine leo kesi zingekuwa zinaendelea. Walichofanya ni kwenda nyumba kwa nyumba, wakaketi jikoni na mwenye shamba, wakanywa chai, wakasikiliza.

Maswali ya wakulima wale mngeyatambua. Ng'ombe wangu watavukaje? Nani atafunga lango mgeni akiliacha wazi? Mgeni akianguka katika shamba langu, atanishtaki mimi? Je, baada ya miaka kumi mtasema ardhi si yangu tena?

Majibu yalikuwa ya kueleweka. Ardhi inabaki yako. Unachotoa ni ruhusa ya kupita. Baraza litajenga ua na malango, na baraza litaitunza njia. Kuhusu kushtakiwa, Ireland walikuwa na sheria ya mwaka 1995 inayompunguzia mwenye ardhi mzigo pale mtu anapoingia kwa ajili ya matembezi. Wakulima wakakubali.

Nataka mlione hilo vizuri. Kokoto zilikuja mwisho. Kilichotangulia ni ruhusa ya jirani, na ruhusa ile ilipatikana kwa sababu kila swali la jirani lilijibiwa kabla ya trekta ya kwanza kufika.

Barua moja gazetini

Mfano wa pili ni mfupi, na unatuhusu hata zaidi kuliko wa Ireland. Nitawaambia kwa nini.

Mwaka 1963, karibu na Chicago kule Marekani, kulikuwa na njia ya treni ya umeme iliyoachwa. Wenye matingatinga walikuwa wameanza kuitamani. Mama mmoja mwalimu wa mimea, May Theilgaard Watts, mwenye umri wa miaka 70, aliandika barua kwa gazeti la Chicago Tribune. Aliwaambia wasomaji kwamba tuta lile linafaa kuwa njia ya miguu na baiskeli, na kwamba wakichelewa litakwisha. Kutokana na barua ile na watu walioitikia ilizaliwa Illinois Prairie Path, ambayo leo ina karibu kilomita 100.

Mimi kama mtu wa habari hupenda kuikumbuka hadithi hiyo siku ambazo kazi yangu inaonekana haina maana.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1983, Bunge la Marekani lilipitisha kifungu cha sheria chenye akili sana. Kinasema hivi: kampuni ya reli ikitaka kuacha njia isiyotumika, njia hiyo inaweza kuwekwa akiba, kama pesa benki. Wakati inasubiri, watu waitumie kwa miguu na baiskeli. Siku treni ikihitajika tena, irudi. Ardhi haigawanywi vipande, haiuzwi kiplotiploti. Sheria hiyo ilipingwa, ikafika Mahakama ya Juu, na mwaka 1990 mahakama ikaipitisha. Mara chache treni zimerudi kweli.

Hilo ndilo linalotuhusu. Ireland reli ilikuwa imekufa na kuzikwa. Ya kwetu imelala tu.

Reli yetu

Wanafunzi, mjue historia ya hilo tuta mnalolivuka mkienda dukani. Reli ya Voi kwenda Taveta ilianza kujengwa mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ili kupeleka askari na zana kuelekea mpaka wa koloni la Wajerumani. Ilipita hapa Mwatate, ikaenda Bura, Maktau, Mbuyuni. Februari 1916 palipiganwa vita vikali kilima cha Salaita, karibu na Taveta. Baadaye reli ikavuka mpaka na kuungana na ya Wajerumani huko Kahe, karibu na Moshi. Makaburi ya vita vile yako Voi, Maktau na Taveta, na wageni wanatoka mbali kuja kuyatazama. Wengi wetu hatujawahi kuingia.

Vita vilipokwisha, reli ilibaki ikatuhudumia kwa mkonge, mizigo na abiria. Sasa vyuma vina kutu na majani yamepanda juu. Habari za kuifufua husikika mara kwa mara, na mimi ni miongoni mwa wanaotamani kuiona treni tena. Nawaambia wanaopenda baiskeli waziwazi: treni ikirudi, treni ndiyo mwenye nyumba.

Lakini hata hapo baiskeli haifukuzwi. Kuna nchi ambako njia ya baiskeli inakwenda kando ya reli inayofanya kazi, katikati pakiwa na ua. Kinachotakiwa ni nafasi, na nafasi hiyo ipo leo. Nani anahakikisha itakuwepo kesho?

Tuzungumze ukweli. Nilipotembea kando ya tuta wiki iliyopita niliona mahali taruma zimeng'olewa. Niliona mahali kibanda kimesogea, ua ukafuata kibanda, choo kikafuata ua. Hakuna aliyekusudia kuua reli. Kila mmoja alichukua kidogo tu. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa hata ukuta hautasaidia. Kipande cha mita hamsini kikikatika kati ya hapa na Voi, hatuna njia ya treni na hatuna njia ya baiskeli. Shanga zimemwagika.

Mambo ya kuangalia tusidanganyane

Nilipita sokoni kabla ya leo nikauliza watu maoni. Walinipa maswali matatu mazuri.

La kwanza, tembo. Mzee mmoja aliniambia, "Wewe utawapeleka watu wa baiskeli wakaliwe." Ana haki. Kati ya Maktau na upande wa Taveta reli inapita katika eneo la Tsavo Magharibi. Hapo mimi simwambii mtu yeyote aendeshe baiskeli peke yake. Ni kweli kwamba katika mbuga ya Hell's Gate, Naivasha, wageni huendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga, lakini Hell's Gate si Tsavo. Tembo wana njia zao za zamani kuliko reli, na njia yoyote ya watu lazima iziheshimu. Nikifikiria kipande cha kuanzia, nafikiria kile cha kati ya vijiji, chenye shule na masoko, ambako watu tayari wanapita kwa miguu kila siku.

La pili, boda boda. "Mkitengeneza njia nzuri, pikipiki zitaijaza kesho yake." Ndugu zangu wa boda boda, ninyi mnajua jina lenu lilitoka wapi. Lilitoka Busia, mpakani, kwa vijana waliokuwa wakivusha abiria kwa baiskeli kutoka boda hii hadi boda ile. Baiskeli ni mama yenu. Njia ya watoto na wazee haitakuwa njia yenu, lakini mgeni aliyechoka akifika mwisho wa njia atahitaji kurudishwa, na kule Achill wenye magari madogo wanaishi kwa kazi hiyo hiyo. Kazi ya kizuizi langoni ingekuwa rahisi zaidi kama chama chenu ndicho kinachokilinda.

La tatu, pesa. Mama mmoja muuza mboga aliniuliza, "Hospitali inahitaji dawa, wewe unataka njia ya watalii?" Mama, nilikaa na swali lako usiku mzima. Jibu langu ni hili: mimi sianzi na mtalii. Naanza na mwanafunzi, na mama anayepeleka mboga sokoni kwa keria, na mgonjwa wa kisukari aliyeambiwa na daktari atembee lakini hana mahali pa kutembea isipokuwa kando ya malori. Mtalii akija, karibu, atakuta njia. Njia isiyotumiwa na wenyeji huota majani mwaka wa pili, hata ingefunguliwa kwa utepe wa dhahabu.

Nini kiko mikononi mwetu

Katiba, katika Jedwali la Nne, imeigawa kazi. Reli ni kazi ya Serikali ya Kitaifa, na ardhi ya reli iko chini ya Shirika la Reli la Kenya. Barabara za kaunti na utalii wa hapa nyumbani ni kazi ya kaunti. Maana yake ni kwamba kaunti haiwezi kuamka asubuhi ikamwaga kokoto juu ya tuta. Panahitajika makubaliano ya maandishi, na makubaliano huanza pale wananchi wanapoonyesha kwamba wanataka jambo.

Kwa hiyo nawaachia mambo matatu.

Kwanza, tusiukate uzi. Taruma na chuma cha reli ni mali ya umma. Ukiona kinang'olewa, mwambie chifu. Kama kibanda chako kimesogea, zungumza na ofisi husika mapema kuliko kusubiri alama ya X ipakwe ukutani.

Pili, tuhesabu. Walimu, naomba mnisaidie. Ni wanafunzi wangapi wanakuja shule kwa baiskeli, wangapi kwa miguu, na wanapita wapi? Penye hatari ni wapi? Daftari moja la shule lenye majibu hayo lina nguvu kuliko hotuba yangu hii.

Tatu, tuandike. Kila mwaka Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hufikishwa mbele ya bunge la kaunti ifikapo Septemba 1. Maoni ya wananchi hukusanywa kabla ya hapo. Leo ni Juni 3. Kikundi cha wanawake, chama cha boda boda, kamati ya wazazi, kila mmoja anaweza kuleta barua ya ukurasa mmoja. Mnaweza kutaka njia. Mnaweza pia kuikataa, na sababu zenu zikaandikwa. Kule Mayo waliokuwa na mashaka ndio waliosaidia malango yakawekwa mahali sahihi.

Namalizia. Binamu yangu yuko hapa ukumbini. Hataki nimtaje jina, na amekaa nyuma ili nisimwone. Mkono wake wa kushoto haujanyooka mpaka leo. Ana binti, yuko gredi ya nane, na ile black mamba ya babu ndiyo anayoendesha, imepakwa rangi ya samawati. Kesho asubuhi saa kumi na mbili na nusu atakuwa kwenye barabara ile ile, upande ule ule, na malori yameongezeka mara nyingi tangu siku zetu.

Tuta la reli liko mita mia mbili nyuma ya nyumba yao.